Mpira wa Hewa Nyuma ya Ukuta

Mwezi uliopita, kwenye harusi ya mtoto wa jirani yangu hapa Bariadi, binti mpiga picha aitwaye Rehema alisimamisha kamera yake kwenye stendi ya miguu mitatu, akatembea taratibu mpaka mstari wa mbele, akajipenyeza katikati ya mashoga wa bibi harusi, na kamera ikapiga yenyewe. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi. Baadaye, watu walipokuwa wanasubiri pilau, nilimwendea nikamuuliza alifanyaje. Akacheka akasema, "Babu, hii kamera ni ya bei ya chini, ya mtu anayeanza kazi, lakini ina njia nyingi." Akanionyesha. Unaweza kuiambia isubiri sekunde kumi, nayo inawasha taa ndogo nyekundu mpaka muda ufike. Unaweza kuichomeka waya. Unaweza kuipiga kwa simu, ingawa simu hukatika katikati ya shughuli ikakuaibisha. Na kuna kidude kidogo kama kifungo cha koti, hakina waya wala nini, unakishika mkononi ukiwa mbali, ukikibonyeza imepiga. "Mimi napenda hiki," alisema, "maana hata aliyekaa ndani ya picha anaweza kupiga." Nilikishika kile kidude kwenye kiganja. Ng'ambo ya uwanja, kwenye viti vya wazee wa upande wa bibi harusi, alikuwa amekaa mmoja wa bibi zake wa ukoo, mama mmoja mwembamba aliyevaa kitenge cha kijani. Nilikuwa nimemtambua tangu asubuhi kwa jinsi anavyoinamisha kichwa akisikiliza. Jina lake Kabula. Nilikuwa nimeposa kwao, na tulikuwa hatujaonana tangu ujana wetu, kwa kosa langu.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule ambao wanunuzi binafsi wa pamba walianza kuonekana na malori yao, na ushirika, ambao tuliuzoea kama tulivyozoea mvua, ukaanza kukonda. Bariadi ilikuwa bado mkoa wa Shinyanga. Simiyu tulikuwa tunaujua kama mto tu. Serikali ilikuwa imesema ruksa, na ruksa ilitufikia kwa sura ya mabeseni ya plastiki, betri za redio, sabuni za kunukia na mitumba iliyomwagwa chini siku ya gulio. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kurudi nyumbani na kiburi cha mtu aliyemaliza kidato cha nne. Nilipanga chumba cha mbele kwenye nyumba ya Shabani, muuza duka, nikafungua studio ya picha. Ukutani nilitundika pazia ambalo fundi wa Mwanza alichora ndege ikiruka juu ya maua makubwa kuliko hiyo ndege. Kulikuwa na kiti kimoja cha mbao, kioo cha wateja kujitazama, kitana kilichofungwa kwa kamba kisiibiwe, na koti moja jeusi la kuazima ambalo nusu ya wanaume wa mji ule walipigwa picha wakiwa wamelivaa. Chumba kilinuka mafuta ya taa na sabuni kutoka dukani. Nikifumba macho leo naweza kukitembelea chote, na kila mara nafika mpaka kwenye kile kiti, nako namkuta Kabula amekaa.

Alikuwa anapita kwangu siku za gulio akitoka kuuza karanga. Aliniletea matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, amevifunga kwenye kitambaa, nasi tulivitafuna kwa chai ya Shabani iliyotiwa tangawizi mpaka ikawasha. Tulikula mlango ukiwa wazi, kwa sababu ya heshima, na kwa sababu Shabani alikuwa haachi kupita. Barazani wanaume wasubirio zamu ya kupigwa picha walibishana kutwa nzima. "Hawa wanunuzi wapya wanalipa hapo hapo," mmoja alikuwa akisema. "Wanalipa hapo hapo na mizani yao wanakuja nayo wenyewe," mwingine akijibu, na baraza likicheka. Sisi ndani tulisikiliza tukitafuna. Ni vitu vidogo. Nimekula vyakula vizuri zaidi baada ya hapo, nimelala nyumba bora zaidi, lakini nikitaka kujua maana ya kushiba narudi kwenye yale matobolwa.

Siku moja Kabula aliangalia picha nilizobandika mlangoni kuwavutia wateja, akauliza, "Wewe yako iko wapi?"

"Mimi ndiye napiga."

"Ndiyo maana hauko popote. Nataka moja tuko wote wawili."

Ndipo nilipoanza kuhangaika na njia za kuipiga kamera kwa mbali. Kamera yenyewe ilikuwa ya Kirusi, nzito kama jiwe la kusagia, ya bei ndogo kuliko zote zilizopatikana Mwanza, tena ilikuwa imetumika. Ilikuwa na saa yake ya kujipiga: unavuta kijiti chini, inakoroma, nawe unakimbia kukaa. Yangu ilikoroma ikafika katikati ikanyamaza. Tulikaa na Kabula chini ya ile ndege tukitabasamu, mashavu yakatuuma, na kamera kimya. Shabani akachungulia akasema, "Bwana Picha, imelala hiyo. Iamsheni muilishe." Kisha nikanunua waya wa kusokotea kwenye kitufe, unaosukuma sindano ndani ukiubonyeza mwisho wake. Waya ule ni mzuri kwa kuzuia mkono usitikise kamera, lakini ulikuwa mfupi kama mkono wangu. Nikikaa karibu na Kabula haunifikii, nikiushika natokea bega tu. Mwisho nikamwagiza Shabani, naye akanirudia kutoka Mwanza na mpira wa hewa. Ni mrija mwembamba mrefu, upande mmoja una kichwa cha kusokotea kwenye kamera, upande mwingine kuna puto gumu la kubana kwa kiganja. Unabana, hewa inakimbia ndani ya mrija, inasukuma sindano, kamera inapiga.

"Hiki nini tena?" Shabani aliuliza akilibana bana. "Umeacha picha, unapima watu presha?"

Ule mrija ulikuwa umepasuka mahali pawili. Niliuziba kwa viraka vya tairi la baiskeli na gundi. Ulifanya kazi, ila kwa uvivu: unabana, unasubiri, halafu ndipo unasikia kamera. Nilimwambia Kabula kwamba Jumapili ijayo tutaujaribu sisi wawili. Hatukuwahi kuujaribu. Kabla ya Jumapili hiyo alikuja na habari ya mama yake.

Wakati huo wazee walikuwa wameshazungumza na ng'ombe wa kwanza wamekwenda kwao. Nilikuwa mkwilima wa nyumba ile, yaani mkwe wa kiume, na kwetu Wasukuma mkwilima hakutani uso kwa uso na mama mkwe. Ukimwona njiani mmoja wenu anaingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Hamli pamoja, hamtazamani. Si chuki, ni heshima kubwa kuliko zote, na ikivunjwa, hata kwa bahati mbaya, aliyeivunja hupeleka mbuzi ili mambo yakae sawa. Mama yake Kabula, mayu Holo, maana kwetu mama ni mayu, alikuwa na uvimbe tumboni, na waganga wa zahanati walikuwa wamesema apelekwe hospitali Mwanza akapasuliwe. Hakuwa amewahi kupigwa picha maishani. Alitaka moja, akiwa na binti yake, iwe imebaki nyumbani yeye akiondoka.

"Mpiga picha mwingine yuko wapi?" niliuliza.

"Amefuata ngoma Bukundi, na mayu anasafiri wiki hii," Kabula alisema. "Ni wewe tu, na wewe ndiye usiyetakiwa."

Nikamwonyesha ule mpira. Aliutazama, akanitazama mimi, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sijapata kuiona kwa mtu mwingine. Nitaiweka kamera uani kwenu, nilimweleza, nitaipima kwa kukutazama wewe ukiwa umekaa, kigoda cha mama kikiwa kitupu. Halafu nitakwenda nyuma ya ukuta wa jiko, mama atatoka ndani atakaa, na mimi nitabana bila kumwona.

Baba yake alilisikiliza jambo hilo kwa muda mrefu. "Lakini kwenye karatasi si utamwona?" aliniuliza.

Sauti ya mayu Holo ikatoka ndani ya nyumba, mlango ukiwa umerudishwa. "Picha haina macho, baba Kabula. Akiniona kwenye karatasi mimi simwoni. Mwiko wetu ni macho yake na yangu kukutana. Mwacheni apige."

Nilikwenda asubuhi, jua likiwa bado la pembeni. Pamba ilikuwa imerundikwa uani nyeupe kama mawingu yaliyochoka, na nilimweka Kabula mbele yake, na kigoda kitupu ubavuni pake. Nilipima mwanga, nikasawazisha lenzi juu ya nyusi zake, nikausokota mrija, nikaanza kuulaza chini kuelekea jikoni. Kuku mmoja akaja akaudonoa akidhani ni chakula, nikamfukuza kwa kiatu. Kabula akanyoosha mkono.

"Nipe mimi huo mpira nibonyeze. Nitauficha chini ya kitenge. Wewe nenda hata barabarani ukatusubiri."

Nikifikiri sasa, hilo ndilo lilikuwa jibu, na lilikuwa rahisi kiasi kwamba mtoto angeliona. Angehisi mwenyewe kama hewa imefika, angeisikia kamera iko mbele yake, angebana wakati mama yake anapopendeza. Lakini nilikuwa na studio, nilikuwa na pazia la ndege, na mteja hanipigii picha yangu. "Kazi hii ina mafunzo yake," nilimwambia. Akarudisha mkono mapajani. Mkono ule nimeuona ukirudi mapajani mara nyingi kuliko nilivyoona picha yoyote niliyopiga.

Nikajibanza nyuma ya jiko. Nikasikia mlango, kandambili, na mtu akikaa kwa kuugulia kidogo.

"Mkwilima," mayu Holo akaita, "nikae vipi?"

"Mayu, kaa kama unavyokaa siku zote."

"Siku zote huwa nachambua mboga."

Kabula akacheka, na mama akacheka, na mimi nyuma ya ukuta nikacheka nikiwa nimeegemeza paji la uso kwenye udongo. Ndiyo mara pekee mimi na yule mama tulicheka pamoja. Nikauliza kama wako tayari. Wakasema tayari. Wakati huohuo lori la pamba likawa linapita barabarani, limejaza, vijana juu yake wanaimba, dereva anapiga honi kwa kila boma. Nikabana. Sikusikia kamera. Nikabana tena, nikashikilia kwa nguvu zangu zote.

"Imepiga?" nikapaza sauti.

"Sijui! Lori!" Kabula akajibu. "Subiri kwanza lipite!"

Sikusubiri. Niliwaza viraka vyangu, nikawaza yule kuku, nikawaza mkanda unaoharibika na aibu ya kuonekana sijui kazi yangu mbele ya watu wa ukweni. Nilitaka kuona tu kama ile sindano imesogea. Nikatoa kichwa pembeni ya ukuta, kiganja bado kimelibana puto, na sikuitazama kamera. Nilimtazama yeye. Alikuwa mama mwenye uso wa Kabula, umezeeka na kukonda kwa ugonjwa, na alikuwa bado ana mabaki ya kile kicheko. Macho yetu yakakutana. "Maduhu, usi—" Kabula alianza kusema. Mama akauvuta ule upande wa kitenge alichojitanda, akajifunika uso wote, na lori likawa limepita, na katika ule ukimya kamera ikapiga.

Mama akaingia ndani, hakutoka tena. Baba yake Kabula alikuja akasimama mbele yangu, wala hakukasirika. "Funga vyombo vyako, baba," alisema. "Nenda nyumbani. Utaleta mbuzi, tutalimaliza, yasije yakamfuata huko hospitali." Na mimi, badala ya kuitika, nikaeleza habari ya hewa na mrija. Nikasema kosa ni la mpira. Nikasema, mambo haya ya mbuzi kwa sababu ya kutazamana tuyaache na zama zake, dunia imefunguka. Nilisema kwa Kiswahili cha shuleni, kirefu, chenye maneno ya kupendeza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akarudi ndani kwa mkewe.

Wakati ule mikanda tulikuwa tunaituma kusafishwa Mwanza kwa kondakta wa basi. Ilitoka picha moja tu ya siku ile. Kabula amegeukia upande wa ukuta, mdomo wazi, ameinua mkono kama anayemzuia mtu. Kando yake kuna kitenge kilichokaa kwenye kigoda. Hakionyeshi mtu, isipokuwa vidole vya mama vilivyokishika pindo, na vidole hivyo vilitoka vizuri sana. Hata mikunjo unaihesabu. Mayu Holo alikuwa ameshasafirishwa. Alifia huko huko hospitali kabla ya kupasuliwa. Nilisikia kwa Shabani kwamba waliiweka picha ile niliyowatumia juu ya meza siku za matanga, kwa kuwa hawakuwa na nyingine, na wanawake waliofika waliilia ile mikono.

Kabula alinijia studio baada ya msiba kupoa. Hakukaa kwenye kiti. Barazani walikuwa wanabishana kama kawaida, safari hii juu ya nani ataanzisha mashine ya kuchambulia pamba, nasi tulizungumza kwa sauti ya chini, chini ya kelele zao.

"Peleka mbuzi," alisema.

"Mama ameshafariki, Kabula. Mbuzi wa nini sasa?"

"Wa baba. Anakaa anaitazama ile picha. Anasubiri mtu aseme tumekosa."

"Mimi sikumuua mama yako."

"Hakuna aliyesema umemuua." Alikuwa anakizungusha kile kitana kwenye kamba yake. "Ni mbuzi, Maduhu. Huko kwenu mnao zizi zima. Nimekuja mwenyewe kukuomba."

Nilimjibu kwamba nikipeleka mbuzi nitakuwa nimekubali ujinga, na nikianza kukubali leo nitakubali maisha yangu yote. Niliona nimesema jambo la kiume. Akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali, akaachia kitana. Kikabaki kinabembea. Pale mlangoni akageuka akasema, "Na ile yetu ya wawili hatukupiga." Nikadhani ana maana kwamba atarudi tuipige. Niliuweka ule mpira tayari juu ya kabati, nimeubadilisha viraka. Siku za gulio niliacha mlango wazi na chai ikapoa. Mara tatu nilimfunga mbuzi kamba nikatoka naye mpaka njia panda, na mara tatu nilikutana na mtu ninayemjua, nikasema nampeleka malishoni. Msimu wa pamba uliofuata ng'ombe wetu walirudishwa, na Kabula akaolewa Mwandoya na mtu mwenye mifugo, ambaye wote wanasema alikuwa mtu mwema.

Mimi pia nilioa, Kiloleli, mke niliyemheshimu na ambaye nimeshamzika. Mama yake sikuwahi kumtazama machoni hata siku moja. Nilikuwa naingia majanini kutoka mbali sana, watu wakanicheka, wakasema msomi huyu anaogopa mkwe kuliko sisi tusiosoma. Studio niliifunga wakati simu zilipoanza kupiga picha. Kamera ya Kirusi ninayo. Mrija ulikauka ukakatika vipande.

Basi ile siku ya harusi, baada ya pilau, Rehema alitupanga wote kwa picha ya mwisho, koo zote mbili. Wazee tulikalishwa mbele kwenye viti, wa upande wa bwana harusi huku, wa upande wa bibi harusi kule, na mimi kama jirani nikawekwa mwisho, pale ambapo pande mbili zinakutana. Kabula akaletwa akakalishwa kiti kinachofuata changu. "Mwadila," nilimsalimu. "Mwadila, Maduhu," akaitika, akitazama mbele. Kati yetu kilikuwa kimekaa kitoto cha mtu kinachokula chapati, kisha mama yake akakiondoa. Nilitaka kumwambia kwamba mbuzi nilimfunga kamba. Nilikuwa nimeandaa namna ya kulisema kwa miaka mingi, na pale nikaishia kurekebisha kofia yangu kichwani.

Rehema akaja mbio na kile kidude cha kifungo. Alitaka naye awemo kwenye picha, akasimama nyuma yetu, akainama akakitia kwenye mkono wa Kabula. "Bibi, wewe ndiye mkubwa hapa, wewe ndiye utakayepiga. Ukiwa tayari bonyeza tu. Hakina shida."

Kabula alikigeuza kwenye kiganja, akakitazama pande zote. Kisha akakiingiza chini ya kitenge chake, akaweka mikono mapajani. Watu wote wakakaa sawa, wakavuta matumbo, wakatazama kamera. Ilikuwa kimya. Na katika ule ukimya, bila kugeuza kichwa, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma, "Maduhu. Safari hii usichungulie."

Watu wakacheka bila kujua wanachocheka. Mimi nilianza kucheka nao, kisha nikavua kofia nikajifunika nayo uso. Nikasikia kamera ikipiga.

Rehema alikimbia kwenda kuiangalia kwenye kioo chake. "Aa, babu! Wote mmetoka vizuri, wewe umejifunika! Kaeni hivyo hivyo turudie, hii haili mkanda."

"Hapana, mjukuu wangu," Kabula alisema. "Iache hivyo hivyo." Na mkono wake ukabaki pale pale, chini ya kitenge, umekishika.